Mukasi wa Papa Lucien Mwansa

Sasa hivi Imani, binti yangu, amechukua chupa yake ya maziwa, ameigeuza kichwa chini, ameirudisha, ameigonga kidogo sakafuni, kisha ameiweka mbele ya miguu yake na kuiangalia bila kuigusa. Bado hajajua kusema maneno mengi, lakini hiyo anaijua. Sisi wote wa Studio Sumaili, pamoja na wateja wetu wa zamani, tukiona mutoto anafanya vile hatuhitaji kuuliza ni nani aliyemufundisha.

Papa Lucien Mwansa anastaafu Jumamosi tarehe 28 mwezi wa sita 2025, baada ya miaka 41 ya kazi katika studio moja tu. Mama Nafisa Sumaili, mwenye studio, ndiye aliyeniomba niandike habari yake kwa programu ya sherehe. Nilimuambia kwamba mimi sikusoma sana na kwamba Clément, fotografa wetu mukubwa, ananishinda kuandika. Akajibu kwamba Clément ataipiga kwenye mashini kama ilivyo, bila kuongeza na bila kupunguza, sababu mwaka huu mimi ndiye niliyekaa karibu zaidi na Papa Lucien. Basi ninaandika jikoni kwangu, hapa mutaa wa Bel-Air, Lubumbashi, na yeye mwenyewe yuko inje kwenye kiti, anakunywa chai, hajui ninaandika nini. Tunangoja filime ikauke.

Alizaliwa Kilwa, ile yetu ya kando ya ziwa, akaletwa Lubumbashi na mujomba wake akiwa kijana. Mwaka 1984 Muzee Sumaili, baba ya Mama Nafisa, alimupa kazi ya kufagia na kuchota maji. Wakati ule maji ya labo yalitoka kwenye bomba la uani kwa ndoo, na Muzee Sumaili aliona kwamba huyu kijana analeta ndoo iliyojaa mpaka juu na sakafu inabaki kavu. Ni hiyo tu iliyomuingiza labo. Hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Muzee Sumaili alisema kwamba macho ya foto anaweza kuyafundisha, lakini mikono ile mutu anakuja nayo.

Kwa vijana wanaojua foto za simu peke yake: labo ni chumba chenye giza. Huko filime inatolewa, inavingirishwa kwenye spirali, gurudumu dogo lenye mifereji, inafungiwa ndani ya kuve, yaani kikopo cha chuma chenye kifuniko, na kumwagiwa dawa. Dawa ndiyo inaleta picha. Kazi ya Papa Lucien, kwa ufupi, ni kuhakikisha dawa inagusa kila sehemu ya filime sawasawa, katikati kama pembeni, mwanzo kama mwisho. Uso wa mutu unaweza kuficha kosa. Kitenge cha maua kinaweza kuficha kosa. Anga haifichi. Ndiyo maana Papa Lucien anaangalia anga kwanza, hata kama ni foto ya bibi arusi. Akiona anga iko sawa toka pembe hadi pembe, ndipo anamuangalia bibi arusi na kusema kama ni muzuri.

Hapo ndipo mukasi unaingia. Filime ikikauka inakatwa vipande, ipate kuingia ndani ya bahasha. Kwenye studio yetu hakuna anayekata filime isipokuwa Papa Lucien, na mukasi wake unatundikwa kwenye musumari nyuma ya mulango wa labo. Filime ikimupendeza, ananyosha mukono nyuma bila kugeuka na kusema mumuletee mukasi. Akiona alama, hasemi kitu. Anaivingirisha nzima nzima na kuitia ndani ya boiti, kopo la zamani la maziwa ya unga, na wanaojifunza wanaitumia kwa kuzoea spirali wakifunga macho. Hajawahi kukata filime yenye alama, hata kama ni ya ndugu yake, hata kama mwenye filime anasema si kitu. Ile boiti haifungiki tena. Mimi pia nina zangu ndani.

Hadisi tunayoipenda wote ni ile ya ndoa ya Kambove. Clément hapendi tuiseme, lakini siku kama hii hana namna. Alikuwa mupya kwenye labo, na Papa Lucien alikuwa amelala na homa. Clément alitia dawa ndani ya kuve, akaitikisa kama mutu anayetikisa dawa ya kikohozi, bila kupumuzika, akifikiri anaisaidia. Dawa ikapita kwa nguvu kwenye matundu ya pembeni ya filime, na kila tundu likaacha mustari mweupe unaoshuka juu ya foto. Bwana na bibi arusi walitoka wazuri kabisa, lakini juu ya vichwa vyao, toka pembe hadi pembe, mvua ilikuwa inanyesha.

Wazazi wa bibi arusi walipoona foto ya kujaribia walifurahi. Walisema mvua siku ya ndoa ni baraka, zichapwe zote. Clément akapumua. Papa Lucien, aliyekuwa amerudi kazini na koti juu ya homa yake, aliwauliza kwa upole ndoa ilikuwa mwezi gani. Wakasema mwezi wa saba. Mama Nafisa, aliyekuwa kwenye kaisa, pale wateja wanapolipia, akainama kwa kucheka.

“Mwezi wa saba? Njo mvua gani hiyo, ya Kambove peke yake?”

Hapa kwetu mwezi wa saba ni kiangazi, hata wingu halikosei njia. Papa Lucien hakuomba mukasi. Alipanda kamio ya mizigo na apareyi ya kupiga foto begani, akaenda mpaka Kambove. Nguo ya bibi arusi, ambayo ilikuwa ya kukodi, ikakodiwa mara ya pili. Bwana alitolewa kwenye kuchimba madini, na vumbi lilikuwa bado ndani ya masikio yake. Mama mukwe, ambaye siku ya kwanza alikuwa amelia vizuri mbele ya apareyi, mara hii alikataa kulia, akasema ameshaona huyu mukwe wake anavyokula. Foto zikapigwa upya. Filime hiyo ilikatwa, na tangu siku ile Clément anaitwa Papa Mvua, hata na wateja.

Ingine ni ile ya lutuku, pombe kali ya kienyeji. Papa Lucien akiwa na kuve mukononi haongei na mutu. Ukimusalimia, anainua kuve kidogo, na hiyo ndiyo salamu. Kuve ikishafungwa mwangaza hauingii tena, basi wakati wa joto anapenda kusimama kwenye dirisha la nyuma ili apate hewa. Siku moja mama mumoja wa kwaya, kwaya ile ile anayoimba Papa Lucien, alipita kwa njia ya nyuma. Akaona Papa Lucien amesimama peke yake, amefunga macho, anageuza kikopo cha chuma, anakigonga, anakiweka chini, anangoja, anakichukua tena. Siku ya Mungu habari ilifika kanisani kwamba ndugu Mwansa anachanganya lutuku kazini.

Mashemasi walikuja kumuombea. Walimukuta na kuve mukononi, na yeye, kwa kuwasalimia, akaiinua kidogo. Walichukua hiyo kama kuwakaribisha kinywaji, wakaanza kuomba kwa nguvu zaidi. Papa Lucien aliinamisha kichwa kwa heshima, na wakati wa kugeuza ulipofika aligeuza, katikati ya amina. Walipomaliza, na dawa ya mwisho ilipopita, akafungua kuve, akavuta filime mbele yao. Ilikuwa filime ya ubatizo wa watoto wao. Walisahau lutuku, kila mumoja akatafuta mutoto wake, na filime ilipokauka Papa Lucien akaomba mukasi.

Mutu asifikiri kwamba kazi hii aliijulia ndani ya chumba kizuri tu. Mwanzo wa miaka ya tisini, wakati wa uporaji wa maduka, Muzee Sumaili alifunga studio. Papa Lucien alitoa kuve na spirali zikiwa zimefichwa ndani ya gunia la makala ya kupikia, akazipeleka kwake Katuba. Filime alikuwa anaiingiza kwenye spirali akiwa ndani ya kabati la nguo, na muke wake, Mama Mbambu, alimufungia mulango na kuketi mbele yake ili watoto wasifungue. Maji yalipashwa kwenye mbabula, jiko la makala. Mama Mbambu anasema nguo zake za kanisa zilinuka dawa miaka hiyo yote, na kwamba wageni walipouliza mume wake yuko wapi, alijibu yuko ndani ya kabati, wakacheka, na ilikuwa kweli. Watu hawakuacha kuoa, kuzaa na kuzika, na wote walihitaji foto. Ndiyo maana Papa Lucien anasema kwamba filime haijui kama iko labo ao iko jikoni.

Kisha zikaja mashini za rangi, kisha simu. Alizijua zote bila kelele. Foto nyingi za pasipoti za muji huu zimepita mikononi mwake. Lakini kuve hakuitupa, na miaka hii filime imerudi. Wanafunzi wa chuo kikuu, wa Kasapa, wanakuja na apareyi walizozikuta kwa babu zao. Kuna familia zinazotaka foto moja ya nyeupe na nyeusi, kama ile ya nyanya iliyo kwenye ukuta wa salo ya wageni. Si wengi, lakini wanakuja kila juma, na dirisha letu la kupokea filime halijakaa bure.

Basi tufike kwa mwaka huu.

Papa Lucien alipotangaza siku yake, Mama Nafisa alituita wote. Alisema wazi na bila ubaya: nafasi ni ndogo, chumba cha labo kitakuwa cha kutengenezea kadre za kutia foto, na hakuna mutu mwingine anayefanya filime bila alama. Clément ana kazi zake za inje, na mvua yake. Papa Lucien akiondoka, dirisha la filime linafungwa. Hapo Papa Lucien alisema neno ambalo hakuna aliyelitegemea. Alisema filime inaweza kufanyika nyumbani, na kwamba Mama Imani yuko nyumbani.

Mama Imani ni mimi. Jina langu ni Gracia, lakini tangu nilipozaa hakuna anayelikumbuka. Nilikuwa ninapokea wateja kwenye dirisha, kisha Imani akakuja, na kwa kukosa mutu wa kubaki naye kila siku ninafanya kazi ndogo za studio nikiwa kwangu, kubandika albamu na kusafisha kadre. Mama Nafisa aliniangalia, akamuangalia Papa Lucien, akasema atasadiki akiona, na aone kabla ya sherehe. Tulielewana hivyo. Filime ikitoka sawa mikononi mwangu, dirisha linabaki wazi na kazi ni yangu. Isipotoka, Papa Lucien anaondoka na filime inaondoka naye. Hakulalamika. Lakini tangu siku ile aliacha kabisa kuongea habari ya shamba analotaka kulima.

Alianza na rafu. Kabla ya kunionyesha dawa hata moja, alikuja na mbao, akapiga rafu juu sana jikoni kwangu, yenye mulango na kifunguo, na kifunguo akanivalisha shingoni. Dawa inakaa ndani ya chupa zake nyeusi, hakuna kuitia ndani ya chupa ya limonadi hata kwa dakika moja. Mutoto akiona chupa ya limonadi, alisema, hasomi kilichoandikwa.

Kisha maji. Wakati huu wa baridi maji ya asubuhi yanauma mikono. Dawa unaweza kuipasha vizuri, lakini ukiiacha ndani ya chuma hewani, inapoa njiani na picha inatoka zaifu. Basi kuve inakaa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu toka mwanzo mpaka mwisho. Kwanza filime inanyweshwa maji matupu, ili dawa isiikute kavu. Dawa inamwagwa yote mara moja, bila kusitasita, na iwe ya kufunika spirali kabisa, sababu ikipunguka, ukingo wa juu wa filime unabaki na njaa. Unagonga kuve ili mapovu yatoke, maana kila povu linaacha doa. Kisha unaigeuza kichwa chini, unairudisha, unaizungusha kidogo mukononi ili dawa isipite njia ile ile, unaiweka chini. Na unaiacha. Wakati ukifika unageuza tena, na unaiacha tena. Usipogeuza kabisa, dawa iliyochoka inakwama mahali pamoja na kushuka kama machozi. Ukigeuza sana, unapata mvua ya Clément.

Mimi nilielewa haraka. Ni kama mutoto aliyemaliza kunyonya: unamupindua begani, unamupigapiga mugongo atoe hewa, unamulaza. Nilipomuambia hivyo, Papa Lucien alicheka sana, akasema afazali angefundishwa na mama fulani kuliko na Muzee Sumaili, angejua mapema.

Filime ya kwanza niliifanya mbele yake. Ilitoka safi. Aliikata, lakini akasema hiyo si yangu, ni yetu wawili. Iliyofuata niliifanya peke yangu, na anga yote ilijaa mistari. Nyingine, vilevile. Akikuja yeye, safi. Akiondoka, mvua. Clément alinitumia ujumbe kuuliza kama ninataka jina la Mama Mvua, ili aache kuwa mujane.

Papa Lucien alitafuta kila mahali. Alishuku maji, akaniletea bidon ya maji kutoka kwake. Alishuku kifuniko, akaleta kuve ingine. Alishuku dawa, akaichanganya upya yeye mwenyewe. Kisha akafanya filime moja jikoni kwangu, na maji yangu, na dawa yangu, na ilitoka kama anga ya asubuhi. Alisema labda filime inamuogopa. Mama Nafisa alipouliza tumefika wapi, alijibu kwamba bado anatafuta, na ndani ya labo, ambako kila siku anaimba sauti ya chini ya nyimbo za kwaya, siku zile hawakumusikia.

Sasa, kuna jambo ambalo mimi sikulifikiri hata kidogo. Siku ambayo Papa Lucien anakuja, nilikuwa ninamupeleka Imani kwa jirani yangu Abigaëlle, ili muzee afanye kazi kwa utulivu. Siku ambazo niko peke yangu, Imani anakuwa mugongoni mwangu, ndani ya kitenge.

Siku moja Papa Lucien alikuja mapema kuliko tulivyoagana, na mulango wa uani ulikuwa wazi. Alinikuta nimegeukia ukuta, kuve mukononi, mutoto mugongoni. Hakubisha. Alisimama na kuangalia. Imani halali bila kubembelezwa, basi miguu yangu ilikuwa inaenda, kuume na kushoto, kama miguu ya kila mama aliyebeba mutoto. Kuve sikuiweka chini kwenye beseni, sababu nikiinama Imani anaamka na kulia. Niliishika kifuani. Mikono yangu ilikuwa imetulia kweli kweli, kama nilivyofundishwa. Lakini mwili wote ulikuwa unabembea, na kuve inabembea pamoja nao, toka mwanzo mpaka mwisho.

“Mama Imani,” alisema nyuma yangu, “uko nabembeleza batoto babili. Moya analala. Ule mwingine unamukatalia usingizi.”

Kisha akaketi kwenye kizingiti na kujicheka mwenyewe. Alisema ameleta watoto duniani na amewalea, lakini yeye hakubeba hata mumoja kwa mugongo, ndiyo maana ilimupita. Mama Mbambu, alisema, angeiona siku ya kwanza.

Hakuniambia niache kumubeba mutoto. Hakuniambia nimupeleke kwa Abigaëlle. Kesho yake alikuja na meza toka labo, ile ya miguu mirefu ambayo Muzee Sumaili alikuwa anaitumia, iliyochomwa na dawa mpaka imekuwa na ramani. Akaiweka jikoni, akaweka beseni juu yake, usawa wa kiuno changu. Sasa siinami. Kuve inakaa ndani ya maji yake, mimi ninageuza, ninairudisha, ninaiacha, na ninabembea kando nikiwa huru. Alinipa ruhusa ya kucheza hata rumba nikitaka, mradi kiuno kisiguse meza.

“Mutoto kwa mugongo,” alisema, “filime kwa maji.”

Siku hiyo hiyo alipigilia musumari nyuma ya mulango wa jiko langu, akatundika mukasi wake. Mpaka sasa, ninapoandika hii, haujashuka.

Filime tunayoingoja ni yake mwenyewe, ya mwisho. Juma lililopita alizunguka na apareyi: Mama Nafisa kwenye kaisa, Clément chini ya mwavuli ambao wamemulazimisha kuushika, Mama Mbambu mbele ya lile kabati la nguo, mulango wa studio asubuhi kabla haujafunguliwa. Foto ya mwisho ilipigwa na Mama Nafisa, na ni yeye Papa Lucien amesimama uani, mikono nyuma, na hakuna kitu nyuma yake isipokuwa anga. Ndiyo itakayokuwa mbele ya programu hii, kama itatoka. Angeweza kuifanya mwenyewe, kifunguo cha labo bado anacho. Aliniletea ndani ya mufuko wa shati, akaiweka juu ya meza, akauliza kama chai iko. Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema anataka chai yenye tangawizi.

Leo asubuhi niliifanya. Imani alikuwa mugongoni, na hakulala hata kidogo, alikuwa anachungulia begani mwangu na kunivuta sikio. Nilicheza sana, kando ya meza. Kisha nilimwaga maji kwenye sakafu ya chumba cha kuogea ili vumbi jekundu lilale, nikatundika filime humo na kufunga mulango. Papa Lucien alipofika hakuomba kuiona. Filime yenye maji inadanganya, hiyo alinifundisha siku ya kwanza. Amekaa na chai yake, anamuonyesha Imani namna ya kuweka chupa chini na kuiacha, na Imani, kama nilivyosema, ameelewa.

Sasa nimesikia kiti kikilia. Amesimama, amepita hapa bila kuniangalia, amefungua mulango wa chumba cha kuogea. Dirisha la mule ni dogo lakini lina mwangaza muzuri saa hii. Hasemi kitu. Nimalize haraka, sababu Clément anakuja kuchukua karatasi.

Papa Lucien, kwa jina la Mama Nafisa, la Clément, la wote waliopita mbele ya mikono yako wakiwa na nguo zao nzuri, tunakuambia aksanti. Ulitufundisha kugeuza, na ulitufundisha kuacha. Tunakuombea afya wewe na Mama Mbambu, shamba lenye mvua ya kweli na kwa mwezi wake, na siku zilizo sawa toka pembe hadi pembe. Na kama hii filime imekataa, usiende nayo nyumbani kama muzigo, sababu si mikono yako iliyokosa, na sisi hatutaacha kuja Katuba kukuuliza, hata kama dirisha litafungwa, maana kazi uliyotuachia ni

Ananiita.

“Mama Imani. Leta mukasi.”

Clément, uandike tu mpaka hapa, nina